Sentensi Niliyomfundisha Mwanaidi

Siku Bwana Livio aliponiambia, "Wafundishe kusema, usiwafundishe kuelewa," nilipaswa kuchukua kofia yangu nirudi nyumbani. Sikuichukua. Nilimjibu kwa Kitaliani kwamba nimekubali, nikaweka mkazo mahali pake, na moyoni nikajipongeza kwa jinsi nilivyotamka.

Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza lugha za wageni ili mpate kazi hotelini, au mbugani Saadani, au kutembeza watalii hapa Bagamoyo. Mtaniona nazungumza sana juu ya silabi na mikazo. Nivumilieni. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na sijui njia nyingine ya kufika kwenye jambo ninalotaka kuwaambia.

Bwana Livio alikuwa meneja wa hoteli moja iliyo kaskazini ya mji, karibu wageni wake wote Wataliani. Alitaka wahudumu, wapishi na watandika vitanda wawasalimu wageni kwa lugha yao, tena kwa matamshi safi. Lakini hakutaka waelewe. "Mgeni anapenda kusalimiwa," aliniambia, "hapendi kusikilizwa akiwa mezani." Kwa hiyo nifundishe maneno kama mtu anayefundisha kasuku, na maana nibaki nayo mimi.

Hilo halikuniudhi. Naona haya kuliandika, lakini lilinifurahisha. Kama wote watajua kusema na mimi peke yangu nitajua kuelewa, kila jambo litapita kwangu. Mgeni akilalamika, ataitwa Shomari. Mpishi akitukanwa bila kujua, Shomari ndiye atakayejua. Niliona nimepewa ufunguo wa nyumba nzima. Nilikuwa mtu wa kidato cha nne tu, na ufunguo wa namna hiyo sikuwa nimewahi kuushika.

Mimi mwenyewe sikufundishwa hivyo. Aliyenifundisha ni fundi mitambo wa Kitaliani, jina lake Gino, katika kambi ya ujenzi wa barabara upande wa Vigwaza. Nilikuwa msaidizi wa stoo. Kazi yangu kutoa spana na kupokea spana. Gino alijua Kiswahili cha kambini, kile kisicho na ngeli, lakini alikuwa na subira kuliko walimu wangu wote wa shule. Siku moja wakubwa wake walikuja wakauliza vibarua wako wapi. Nikataka kujionyesha. Nikasema wanakula: "Mangiano." Nikakaza "gia", kama tunavyokaza sisi. Wakubwa wakatazamana. Gino akaweka spana chini, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Shomari," akasema, "wewe navalisha kofia miguu."

Jioni yake akanisogeza kwenye pipa tupu la mafuta. Silabi nyepesi aliigonga kwa kidole, silabi nzito aliigonga kwa spana. MAN-gia-no. Spana, kidole, kidole. PAR-la-no, wanazungumza. Spana, kidole, kidole. DOR-mo-no, wanalala. Madereva wa malori waliokuwa wakielekea Chalinze walipunguza mwendo wakidhani pana ngoma, na mmoja alisimama kabisa akauliza mwali ni nani.

Sasa sikilizeni, maana hili hata leo watu wengi wanalikosea. Kiswahili chetu kina desturi moja: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "kitabu", unakaza "ta". Ukiongeza mkia ukasema "kitabuni", mkazo unahama, unakaza "bu". Mkazo wetu unafuata mkia. Kitenzi cha Kitaliani hakifuati hivyo. Mimi nazungumza ni "parlo", mkazo uko kwenye "par". Wao wanazungumza ni "parlano". Mkia umerefuka lakini mkazo umebaki pale pale kwenye "par". Kwa hiyo ukitaka kujua wao wanakaza wapi, usihesabu kutoka nyuma kama Mswahili. Rudi kwa "mimi". Mimi nakaa, "abito", mkazo kwenye "a". Wao wanakaa, "abitano", mkazo kwenye "a" ile ile. Mimi napiga simu, "telefono", mkazo kwenye "le". Wao wanapiga simu, "telefonano", bado uko kwenye "le", na nyuma yake zinafuata silabi tatu nyepesi kama watoto wanaomfuata mama yao sokoni.

Kwa "sisi" na "ninyi" hamna taabu. "Parliamo", "parlate": zote zinakazwa kama Kiswahili, ya pili kutoka mwisho. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu, "Sisi na ninyi ni Waswahili. Wao ndio Wataliani." Walicheka kila mara, na mimi niliirudia kila mara, mpaka wakawa wanaimalizia wenyewe kabla sijafungua mdomo.

Jambo la pili ni kukata silabi. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, basi mdomo wetu hauzoei "par" peke yake. Unataka kusema "pari" au "para". Nilikuwa na mhudumu mmoja kutoka Chalinze, aliyesema "parilano" kwa juma zima. Mwambie mwanafunzi afunge mlango: par. Halafu afungue: lano. Na "parliamo" ina silabi tatu, siyo nne, kwa sababu "lia" hiyo ni pigo moja. Siyo "lia" ya mtoto anayelia. Herufi zikiwa pacha, kama katika "aspettano", wanasubiri, simama kidogo mlangoni kabla ya kuingia: a-SPET, pumzika, ta-no. Ukipita mbio, Mtaliani atakuelewa, lakini ataona umeingia nyumbani kwake bila hodi.

Hotelini sikuwa na pipa. Nilitumia kibao cha kukatia nyama, mpaka mpishi mkuu akakasirika, ndipo nikahamia mezani. Wahudumu walikuwa wakiniuliza, "Ticha, leo tunapiga meza?" Walikuwa wepesi. Baada ya miezi michache ukikaa kwenye baraza la hoteli ile ukafumba macho unadhani uko Italia. Wageni walisifu. Bwana Livio alinipeleka kwa kila mgeni mkubwa: "Huyu ndiye mwalimu." Na mgeni akimwuliza mhudumu swali nje ya yale tuliyoyakariri, mhudumu anatabasamu, anasema neno moja zuri lenye mkazo sahihi, halafu anakuja mbio kuniita. Nilikuwa naenda taratibu kwa makusudi, ili wangoje.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mwanaidi, binti wa dada yangu Tatu. Nilimwingiza mimi kazini. Mume wa Tatu alifariki mapema, na kwa mila zetu mjomba ndiye mlango wa mpwa. Huyo binti alikulia mikononi mwangu. Alikuwa na sikio la ajabu. Mikazo alijifunzia nyumbani kwao, kwenye kinu. Nilimwambia, mchi ukishuka kwa nguvu, tia silabi nzito. Ukigusa kidogo na kidogo, tia zile nyepesi. Akawa anatwanga kisamvu huku akisema PAR-la-no, A-bi-ta-no. Dada yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasema, "Leo tutakula kisamvu cha Ulaya. Mdogo wangu, hakikisha kimeiva, usije ukatuharisha Kitaliani."

Tatu na wanawake wenzake walikuwa wanatanda uduvi. Mnajua kazi hiyo: wanaingia majini wawili wawili na kitambaa, wanakivuta, wanakunja, halafu wanaanika mchangani. Njia yao ya kwenda pwani ilipita kando ya hoteli, na kipande cha mchanga walichoanikia kilikuwa mbele ya hoteli. Walikuwa hapo kabla ya hoteli, tangu enzi za bibi zao. Wageni wengine walipiga picha, wengine waliziba pua.

Siku moja Bwana Livio akaniita kwenye bwawa la kuogelea. Akaniambia watu wa kampuni yenye hoteli watakuja kutoka kwao na kamera. Wanataka mtu mmoja wa hapa, msichana, aseme sentensi moja kwa Kitaliani safi. Akaitamka huku akitembea. Ilikuwa hii: "Le famiglie del villaggio lasciano volentieri la spiaggia e ci ringraziano."

Nilielewa kabla hajaimaliza. Maana yake: familia za kijiji zinaiacha pwani kwa hiari na zinatushukuru.

"Bwana Meneja," nikasema, "hawajaiacha."

"Wataiacha. Tutawajengea kichanja cha kuanikia mahali pengine." Akanitazama. "Wewe ni mwalimu wa matamshi, Shomari. Nani kati ya watu wako anaweza kutamka 'ringraziano'?"

Ningeweza kukataa hapo pia. Lakini nilikuwa nimekubali amri ile ya kwanza, na ya pili ilikuwa mtoto wake. Nilijiambia ni picha ya video tu, itakwenda kwao, hakuna mtu wa kwetu atakayeiona. Nikajiambia pia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba ni kweli, hakuna mwingine anayeweza kutamka "ringraziano". Nikamtaja Mwanaidi.

Nilimfundisha nyumbani kwao, kwenye kinu kile kile. LA-scia-no: mchi, gusa, gusa. Rin-GRA-zia-no: gusa, mchi, gusa, gusa. Sentensi ina "wao" mbili, na zote mbili zinamtega Mswahili. Yeye hazikumtega. Akaisema mara moja, akaisema tena, halafu akasimamisha mchi.

"Mjomba, hii inasemaje?"

"Inasema tunawakaribisha wageni pwani kwetu."

"Mbona ndefu hivyo, kwa 'karibu' tu?"

"Wataliani hawakaribishi kwa neno moja."

Akacheka. Tatu naye akacheka, akasema, "Kama wewe na salamu zako za asubuhi." Nilikula kisamvu chao siku hiyo, nikaongezewa.

Picha ikapigwa. Mwanaidi alivaa kanga mpya ya mama yake, akasimama na bahari nyuma yake, akasema sentensi kwa mkupuo mmoja. Wale wa kamera walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimekunja mikono, na vidole vyangu vilikuwa vinagonga mkono mwingine: kidole, kidole. Nilikuwa nasahihisha. Sikuwa nasikia.

Hoteli ilipojenga uzio ukaziba njia ya pwani, wanawake walidhani ni makosa ya mafundi. Walimwendea mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamwandikia Bwana Livio, na baada ya kungoja sana tukaitwa kwenye kikao ndani ya ukumbi wa kulia chakula, wanawake wa uduvi wamekaa kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, wanaogopa kuviegemea. Walikuwapo wageni wawili wa kampuni, mwanamke na mwanamume, na mkalimani, binti aliyetoka Dar es Salaam. Mwanaidi alikuwa zamuni. Aliweka chai mbele ya mama yake kama anavyoweka mbele ya mgeni, na Tatu akamwambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, dada," watu wakacheka.

Tatu ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake. Alisema vizuri. Hakutukana mtu. Alisema tunaomba njia yetu na mchanga wetu, na wageni waendelee kukaa kwa raha zao. Mkalimani akatafsiri. Yule mwanamke wa kampuni alisikiliza mpaka mwisho, akaonekana kushangaa kweli kweli. Nadhani hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameambiwa. Akatoa simu yake kubwa, akaiegemeza kwenye birika ili sote tuone.

Tukamwona Mwanaidi, na kanga, na bahari. Tukamsikia. Sauti yake ilitoka safi, lasciano, ringraziano, kila silabi mahali pake, na ukumbi mzima ukajaa fahari. Wanawake wakapiga makofi. Dada yangu akapiga vigelegele. Hakujua neno hata moja, lakini huyo alikuwa mwanawe, anaongea kama wao.

Mkalimani hakupiga makofi. Alitazama chini kidogo, halafu akafanya kazi yake. "Binti anasema," akasema, "familia za kijiji zinaiacha pwani kwa hiari, na zinatushukuru."

Kigelegele kilikatika katikati. Sijasikia sauti kama ile tena, na sitaki kuisikia.

Mwanaidi alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akaliweka mezani polepole. "Mimi sikusema hivyo," akasema.

"Ndivyo ulivyosema, mdogo wangu," mkalimani akamjibu kwa upole.

"Nilimwuliza mjomba. Aliniambia tunawakaribisha."

Nyuso zote zikanigeukia. Bwana Livio naye alinitazama, hana wasiwasi, kama mtu anayengoja mfanyakazi wake amalize kazi. Mwenyekiti akaniuliza, "Shomari, mwalimu ni wewe. Mtoto alijua?"

Hapo palikuwa na mlango wa tatu wa kutokea, baada ya ile miwili niliyoipita. Neno lilikuwa fupi, halina mkazo wa kutafuta. Nilipaswa kusema: hakujua, nilijua mimi. Badala yake niliomba maji. Nilisema koo limenikauka. Mtu akaniletea glasi, nikanywa taratibu, nikaendelea kunywa hata ilipokwisha. Nilipoiweka chini, Tatu alikuwa amekwisha simama. Alimshika binti yake mkono, wakatoka, na wale wengine wakawafuata mmoja mmoja, na chai ikabaki.

Njia haikufunguliwa. Kichanja kikajengwa mbali, kwenye tope la mikoko, ambako uduvi haukauki, unaoza. Wengi wameacha kazi ile. Kijijini walikuwapo watu waliosema Mwanaidi alihongwa, na wengine walilisema mbele yake, kisimani. Baadaye nilikwenda nyumba hadi nyumba kueleza ukweli. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa kiti, wengine wakanipa kahawa. Mzee mmoja aliniambia, "Tumekusikia, Shomari. Ila siku ile ulikuwa na kiu." Nikaaga.

Nilikwenda kwa dada yangu mara nyingi. Aliitika hodi, aliitika salamu, hakunikaribisha ndani. Kinu kilikuwa uani, nilikiona.

Sasa mnajifunza kwa simu. Nimeona vijana wamekaa pwani na vipokea sauti masikioni, simu inawatamkia, wanairudia, nayo inawaambia wamepatia. Ni njia nzuri, haichoki na haigongi vibao vya wapishi. Wajukuu wa jirani yangu wananijia niwasahihishe, na bado nawagongea meza. Ila nina sheria moja ambayo sikuwa nayo zamani: hakuna anayesema neno mbele yangu kabla hajaniambia maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Akishindwa, tunaanza na maana. Na kitenzi cha kwanza ninachofundisha sasa ni "capisco", ninaelewa. Ca-PI-sco. Wao wanaelewa, "capiscono", mkazo haujahama. Miaka yote ile hotelini kitenzi hicho sikukifundisha hata mara moja.

Mwanaidi aliacha kazi hotelini kesho yake baada ya kikao kile. Alikwenda kujifunza upya, safari hii na maana, na sasa anaongoza wageni Saadani. Nilimsikia mara moja. Nilikuwa nimepanda gari na jirani yangu aliyekwenda kununua samaki wakavu, tukasimama, naye alikuwa amezungukwa na Wataliani wazee, anawaeleza mawimbi. Akasema wavuvi wanarudi, "tornano", na akakaza "tor". Mgeni mmoja akamwuliza swali refu, la haraka, kwa lafudhi ya kijijini kwao. Akalielewa lote, akalijibu, wakacheka. Nilikuwa kiti cha nyuma cha gari. Sikutoka.

Mwaka uliofuata aliolewa. Habari niliipata msikitini kama mtu yeyote. Nilivaa kanzu yangu nzuri nikaenda, nikakaa nyuma, karibu na viatu. Ndoa ilifungwa. Halafu ukafika wakati wa ada za upande wa mke: mkaja wa mama, kilemba cha mjomba. Kitambaa kile cheupe kilikunjwa vizuri juu ya sinia. Msemaji akaita, "Mjomba wa bibi harusi." Miguu yangu ilianza kunyanyuka yenyewe. Mbele akasimama mtu mwingine, binamu wa mbali wa marehemu mama yetu, ambaye siku zote tunamwona kwenye misiba tu. Akafungwa kilemba, watu wakamwombea dua. Nami niliitikia amina.

Nilipokubali kufundisha watu kusema bila kuelewa, nilidhani nimepewa ufunguo. Bei yake ni hii: dada yangu hanikaribishi ndani, wanawake wa kwetu hawana pwani, na Mwanaidi, niliyemlea, hana mjomba anayeitwa Shomari.